Sarafu mpya na mizani ya Feri



Kuna swali ambalo mapadre wengi tunaulizwa siku hizi nje ya kanisa, baada ya Misa, hasa na vijana: "Padre, hizi sarafu za mtandaoni ni dhambi?" Wanaouliza wana sababu. Kwenye simu zao wanaona matangazo ya sarafu mpya, na baadhi yanasema wazi kwamba sarafu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Mwafrika wa kawaida: alipie nauli, anunue mboga, amtumie mama fedha kijijini, yote kwa simu na bila kupita benki. Ukijibu "ndiyo" au "hapana" tu, unamwacha kijana pale pale alipokuwa. Mimi napendekeza twende naye Feri. Sarafu inayosema ni ya matumizi ya kila siku ipimwe mahali ambapo watu wanaishi kwa hela ya siku.

Alfajiri pale sokoni mnada unakuwa umeshachangamka. Dalali anataja bei, wachuuzi wanapandishiana, beseni la vibua linapata mwenyewe. Mama anayekaanga samaki analipa, anampa mparaji kazi yake, ananunua mafuta na mkaa, na hadi jioni anatakiwa awe amerudisha mtaji na kubaki na chochote cha kupeleka nyumbani. Hatua chache kutoka hapo watu wanasubiri pantoni ya Kigamboni, nauli shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu, na wengi wanapita kwa kugusisha kadi ya N-Card. Ukitembea kidogo unaona maghorofa mawili ya Benki Kuu katika Mtaa wa Mirambo, na ukifuata barabara ya bandarini unafika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Soko, benki na kanisa ni majirani. Inafaa basi vizungumze pamoja kuhusu hela.

Watu wa Feri hawahitaji kufundishwa kwamba fedha inaweza kusafiri kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na hapa kwetu mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Leo muuza pweza ana lipa namba imebandikwa kwenye meza yake. Lakini elewa tofauti. Fedha iliyo kwenye simu yako ni shilingi ileile ya noti. Kampuni ya simu inatakiwa kuwa na shilingi kama hiyo imewekwa benki, na ukienda kwa wakala unapewa noti yako. Ukikosea namba, kuna ofisi ya kwenda kulalamika. Shilingi yenyewe ina Benki Kuu nyuma yake.

Sarafu za mtandaoni, kama bitcoin, zimejengwa kwa namna nyingine. Hakuna benki inayotunza daftari. Daftari la nani ana kiasi gani linatunzwa na kompyuta nyingi duniani zinazokaguana zenyewe, na jambo likishaandikwa humo halifutiki kirahisi. Ni ufundi wa kweli na una akili nyingi. Ila bei ya sarafu hiyo haiwekwi na mtu aliyeahidi kukurudishia kitu. Inatokana na watu wanaoitaka siku hiyo. Wakiwa wengi inapanda. Wakiogopa, inaporomoka.

Kwa nini basi watu wanavutiwa? Tuwe waadilifu hapa, kwa sababu tukiwabeza vijana wetu hawatatusikiliza. Wanavutiwa kwa sababu fedha tuliyo nayo ina maumivu yake. Kila anayetuma na kutoa hela kwa simu anayajua makato. Tunakumbuka Julai 2021, Serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, jinsi wananchi walivyolia, hadi Septemba mwaka huohuo tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na ikaendelea kurekebishwa baadaye. Anayetumiwa fedha kutoka nje ya nchi anaumia zaidi. Takwimu za Benki ya Dunia zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo eneo ghali kuliko yote duniani kupokea fedha, kwa wastani wa karibu asilimia 8 ya kiasi cha dola 200, wakati lengo la mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kijana anayefanya kibarua ughaibuni akimtumia mama yake dola 200, karibu dola 16 zinaishia njiani. Hiyo ni hela ya chakula. Mtu anayetafuta njia ya kuiokoa hastahili kuitwa mjinga.

Wala si kila fedha mpya ni utapeli. Mwaka 2013, katika mtaa duni wa Bangladesh mjini Mombasa, wachuuzi wadogo walianza kutumia vocha waliyoiita Bangla-Pesa, wakikubaliana kupokeana wao kwa wao siku ambazo shilingi imeadimika. Baadhi ya wahusika walikamatwa, baadaye mashtaka yakafutwa, na wazo hilo likakua hadi kuwa vocha za kwenye simu zinazoitwa Sarafu. Ilikuwa fedha ndogo ya watu wanaofahamiana, na nyuma yake kulikuwa na mahindi, mandazi na kazi ya mikono yao.

Sasa tutazame zile kubwa zilizokuja na ngoma na matarumbeta. Mwaka 2018 mwanamuziki Akon, Mmarekani mwenye asili ya Senegal, alitangaza sarafu ya Akoin kwa ajili ya Afrika. Ingetumika kwa simu, ingebadilishwa na muda wa maongezi, na ilipangwa kuanzia katika mji mpya wa Mwale, kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Iliingia sokoni Novemba 2020, kisha bei yake ikaporomoka hadi karibu kukosa thamani. Mji mkubwa uliokuwa ujengwe Senegal kwa jina lake nao haukuwepo. Mwaka 2025 maofisa wa nchi hiyo walisema mradi ule umekufa.

Aprili 2022 Jamhuri ya Afrika ya Kati ilipitisha sheria ya kuifanya bitcoin fedha halali, katika nchi ambako takriban mtu mmoja tu kati ya kumi alikuwa anapata intaneti. Mwaka uliofuata sheria hiyo ikarudishwa nyuma. El Salvador, iliyotangulia Septemba 2021 na hata kumpa kila raia bitcoin ya dola 30 ili aanze, ilibadili sheria Januari 2025 na kumwondolea mfanyabiashara ulazima wa kuipokea. Na Nairobi, mwaka 2023, maelfu ya vijana walipanga foleni ndefu kwenye ukumbi wa KICC ili wapigwe picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin, wakapewa sarafu za thamani ya shilingi za Kenya kama 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru taarifa za miili yao zifutwe. Fikiria, ndugu yangu, njaa iliyomfanya mtu auze picha ya jicho lake bila kuuliza inakwenda wapi.

Miradi hii inatofautiana, lakini swali la mama wa Feri kwake ni moja: mizani yake ni ya kweli?

Maandiko Matakatifu yanazungumzia mizani mara nyingi kuliko tunavyokumbuka. Torati inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito la kununulia na jingine jepesi la kuuzia. Nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara wanaosubiri sabato ipite ili wapunguze kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa shekeli. Angalia vizuri alichokisema Amosi: walichezea kibaba, na walichezea fedha pia. Shekeli ilikuwa uzito wa kupimia fedha. Kwa hiyo kwa nabii, fedha yenyewe ni kipimo, na kipimo kikicheza maskini ameibiwa hata kama hakuna aliyemgusa mfuko.

Sasa fanya hesabu na mimi. Mama wa Feri ananunua samaki wa shilingi 60,000. Siku ikiwa nzuri anauza kwa 70,000, na akitoa mkaa, mafuta na nauli anabaki na 5,000 au 6,000. Tuseme wateja wake wote wamemlipa kwa sarafu ya mtandaoni, na hadi alfajiri ya kesho bei yake imeshuka asilimia 10. Elfu saba imekwenda. Faida yote imeliwa na mtaji umeguswa, naye hakukosea chochote. Alikaanga vizuri na aliamka mapema. Wala mfano wangu haujatiwa chumvi. Bitcoin, iliyo kubwa kuliko zote, ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021, na Novemba 2022 ilikuwa imeshuka chini ya dola 16,000. Aliyeweka laki moja ile siku ya kilele, baada ya mwaka alikuwa na kama elfu ishirini na tatu. Baadaye ilipanda tena, ni kweli, na watu watakuambia ungevumilia. Tajiri anaweza kuvumilia miaka mitatu. Mama wa Feri lazima awe mnadani kesho saa kumi na moja alfajiri.

Wengine watasema zipo sarafu zilizofungwa na dola ili zisiyumbe. Zipo, na wafanyabiashara katika nchi kadhaa za Afrika wanazitumia kulipia mizigo ya nje. Lakini nazo zina mwenyewe, na usalama wake unategemea uaminifu wa huyo mwenyewe. Mei 2022 sarafu ya Terra, iliyoahidiwa kubaki sawa na dola moja, ilianguka ndani ya siku chache na kuondoka na mabilioni ya dola za watu. Tena kwetu, kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Huwezi kuuza kibua Feri kwa dola, iwe ya karatasi au ya kwenye simu.

Na Serikali yetu imesema nini? Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba fedha halali hapa ni shilingi, na ikaonya juu ya sarafu za mtandaoni. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko haya yasije yakatukuta tumelala. Januari 2023 Benki Kuu ikaeleza kwamba suala la kuwa na shilingi ya kidijitali ya nchi yenyewe inaliendea kwa tahadhari na kwa hatua. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Hapo ndipo wengi wanachanganya mambo. Nimesikia watu wakisema, "Kama Serikali inatoza kodi, basi ni salama." Hapana. Kodi inakatwa unapolipwa. Ukipoteza, kodi hairudishi hata senti. Kutozwa si sawa na kulindwa.

Niseme na sisi watu wa kanisani, maana jambo hili lina kidonda kwetu. Mwaka 2009 Watanzania wengi waliumizwa na DECI. Lugha iliyotumika ilikuwa ya madhabahu: kupanda mbegu na kuvuna. Walioongoza walikuwa wachungaji, na waliopanda walikuwa waumini wa kila dhehebu, wakiwemo wa kwetu. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake, lakini kwa wengi mbegu haikuota. Uganda ilipata Dunamiscoins, iliyofunga milango Desemba 2019 na kuacha maelfu wakilia, nayo ilijiita sarafu ya mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 hapa kwetu ikasikika LBL, watu wakilipia ili walipwe kwa kutazama matangazo kwenye simu. Majina yanabadilika. Kinachobaki ni kilekile: wa mwisho anamlipa wa kwanza, na anayekuingiza ni mtu unayemwamini. Ndiyo maana matapeli wanazipenda jumuiya ndogo ndogo, kwaya na vikoba. Wanajua hapo uaminifu umeshajengwa na wengine kwa miaka mingi, wao wanakuja kuuvuna.

Hapa ndipo naona kiini cha jambo lenyewe. Waanzilishi wa sarafu hizi wanajivuna kwamba kwao huhitaji kumwamini mtu, unaamini hesabu za kompyuta. Lakini Feri na Kariakoo wana fedha ya zamani kuliko shilingi, inayoitwa mali kauli. Mchuuzi anachukua samaki alfajiri bila hela, anasema neno, jioni analeta. Kauli ndiyo dhamana. Inafanya kazi kwa sababu muuzaji anajua sura ya mdaiwa, anajua anakaa wapi, na kesho wataonana tena. Hakuna mtambo unaoweza kuchukua nafasi ya uaminifu huo. Ukiona sarafu inakuahidi utajiri, uliza: nani ametoa kauli? Anapatikana wapi? Nikipoteza, nitasimama mbele ya mlango gani?

Maswali hayo yabebe kama unavyobeba ufunguo wa nyumba. Faida inatoka wapi, kwenye kazi ya mtu au kwenye hela ya atakayeingia baada yangu? Naweza kuitoa leo ikawa shilingi mkononi, bila kuambiwa niongeze kwanza ndipo nitoe? Ikipotea yote usiku huu, kesho watoto watakula? Kama moja halina jibu, usiingie. Mtaji wa vikoba, ada ya shule na hela ya dawa visiguse mambo haya kabisa. Na wewe kijana unayeuelewa ufundi huu kweli, jifunze, uuchambue, uufanyie kazi, maana Kanisa halina ugomvi na akili. Ila usimvute mama yako aingie kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kumweleza kwa Kiswahili chepesi.

Kwa ndugu zangu mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya: mtu asipewe kipaza sauti baada ya matangazo ya Misa ili aeleze "fursa". Yesu alipindua meza za wabadilisha fedha Hekaluni. Kodi ya Hekalu ilipaswa kulipwa kwa fedha ya Tiro, kwa hiyo maskini aliyetoka mbali na sarafu ya kwao alikatwa kwanza ndipo amfikie Mungu. Meza zile zilikuwa halali kwa utaratibu wa wakati ule, lakini zilikuwa mahali pasipo pake, zikila kwa wasio na njia nyingine.

Neno hilo linawahusu pia wanaopanga makato na tozo. Maskini hakimbilii sarafu isiyoshikika kwa kupenda hatari. Anakimbia meza inayomkata kila anapopita. Kampuni za simu, benki na Serikali wakitaka wananchi wabaki kwenye shilingi, washushe gharama ya kumtumia mama elfu kumi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa 2013 kuhusu furaha ya Injili, alidai mifumo ya fedha imtumikie binadamu badala ya kumtawala. Dai hilo linaikuta shilingi kama linavyoikuta bitcoin.

Namaliza na mvuvi. Injili ya Mathayo inasimulia jinsi Petro alivyodaiwa kodi ya Hekalu kule Kafarnaumu. Yesu alimtuma ziwani na ndoana, akamwambia samaki wa kwanza atakayemvua atakuwa na sarafu kinywani. Petro alipaswa kutupa ndoana, kazi aliyoizoea. Na sarafu aliyoahidiwa ilikuwa ya kuwatosha watu wawili, yeye na Bwana wake, kulipa walichodaiwa siku ile. Bwana hakumpa mvuvi wake njia ya kutajirika usiku mmoja. Alimpa kilichotosha, kupitia kazi ya mikono yake, na hakumwacha alipe peke yake.

Kesho alfajiri mnada utaita tena pale Feri. Ukienda, nenda na hela unayoijua kipimo chake, na ukitoa kauli, itimize.

Nakutakia Dominika njema.